Vidonge vya Kukonda na Sahani ya Mama

Jumamosi, Old Kampala. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika sasa hivi tu, na mbele ya nyumba ni tope jekundu mtindo mmoja. Magoti yananiuma, kama desturi yao siku za mvua. Nimekaa mezani na chai ya tangawizi isiyo sukari, na mbele yangu kuna kopo dogo la vidonge.

Ni vya kukonda.

Kaniletea Shamim, mjukuu wangu, anayeolewa mwezi ujao. Amenunua makopo mawili kwenye duka la dawa mjini, bila kuandikiwa na daktari, moja lake na moja langu. "Bibi, tumeze wote," kaniambia, "ili kwenye picha za harusi tutoke kama dada na mdogo wake." Nilicheka mpaka machozi. Alipoondoka nikajitazama kwenye kioo cha kabati, na kicheko kikaniisha.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa sina wa kumficha. Vidonge hivi navitamani. Daktari ameshaniambia nipunguze mwili, presha iko juu na magoti yamechoka kunibeba. Ngazi za nyumba hii nazipanda kwa vituo. Gauni nililoshonewa kwa ajili ya harusi halifungi mgongoni, na fundi ameanza kuniangalia kwa huruma. Daktari alisema nitembee kila siku na nipunguze matoke na mafuta. Kutembea kunauma, na matoke nayapenda. Kumeza kidonge kunahitaji maji tu.

Upande wa pili, kopo lina maneno mengi ya kusifu, lakini kilichomo ndani kimetajwa kwa neno moja: mitishamba. Mitishamba gani? Hata bangi ni mtishamba.

Tena kuna Shamim mwenyewe. Ameanza kuvimeza tangu wiki iliyopita. Jana nilimshika mkono tukiwa tumekaa kwenye kochi, nikahisi mapigo ya moyo wake yanakimbia kwenye kiganja changu, na vidole vinatetemeka. Nilimpakulia wali, akausogeza huku na huku na kijiko, akasema ameshiba.

Mikono ya namna ile nimewahi kuiona. Ilikuwa ya mama yangu, nyumba hii hii, enzi za utawala wa jeshi.

Mama alikuwa mnene. Siandiki "alikuwa na mwili" kama wanavyosema wenye adabu zao. Alikuwa mnene, akijua, na akijipenda hivyo hivyo. Watu walimwita Bi Nuru. Akipita varandani, mbao zilitoa taarifa kabla yake. Sisi watoto tuligombania mapaja yake kama watu wanavyogombania kiti karibu na moto, na kanga zake zilinukia udi na samli. Naandika haya na harufu ile nimeipata, wallahi, hapa mezani.

Kazi yake ilikuwa usomo: alikuwa somo, kungwi wa mabibi harusi. Familia zetu, Waislamu waliokuja zamani kutoka pwani na biashara zao, zilikuwa bado zinamweka bibi harusi ndani kabla ya ndoa. Mwali aliletwa nyumbani kwetu, akapewa chumba cha nyuma, akasingwa mwili kwa manukato, akapakwa hina, akafundishwa mambo ambayo sisi wadogo tulifukuzwa tusiyasikie. Hakutakiwa kuonekana na mwanamume yeyote, hata Baba alikohoa kabla ya kupita ukumbini.

Na mwali hakula peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa ya Mama. Msichana aliyejaa woga koo linafunga, alisema, hawezi kuanza. Kwa hiyo somo na mwali walikula sahani moja, na somo akatangulia tonge la kwanza. Sahani yenyewe ilikuwa ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu. Chakula hakikupikwa kwetu. Kililetwa na majirani kwa zamu, kimefunikwa kawa: leo nyumba hii pilau, kesho nyumba ile matoke na mchuzi wa karanga. Alipoondoka mwali mmoja akaja mwingine. Mama alinenepeshwa na mtaa mzima.

Halafu nyakati zikabadilika. Wahindi waliamriwa kuondoka nchini, maduka yao yakagawiwa watu, na baada ya muda mfupi rafu zikabaki na vumbi. Sukari ilipotea, kisha chumvi, kisha sabuni. Tulifulia majani ya mpapai. Chai tulikunywa na sukari guru, ikipatikana. Nguo zilianza kuwaning'inia watu, na Baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, kazi yake kubwa ikawa kupunguza suruali kiunoni.

Walionenepa miaka ile walikuwa wenye kujuana na wakubwa. Wakaitwa mafuta mingi, nao walijitembeza na magari yao bila haya. Sasa fikiria mke wa fundi cherehani, maskini wa Mungu, aliyekuwa mnene kuliko wake zao.

Mwanzoni ulikuwa utani tu wa bombani. "Bi Nuru, sukari unaificha wapi?" Mama alijipiga nyonga na kusema, "Humu," wakacheka wote. Kisha askari wakaanza kupekua nyumba kutafuta bidhaa za magendo, na mtu wa mtaa wa pili akachukuliwa kwa sababu ya magunia aliyoyafungia stoo. Hakurudi. Utani wa bombani ukaisha. Watu waliendelea kumtazama Mama, ila sasa waliinamisha macho haraka.

Baba akaingiwa na hofu. Siku moja alirudi na karatasi ya gazeti iliyokunjwa, ndani yake vidonge vya manjano. Duka la dawa alikovinunua alikuwa amepewa mtu ambaye hapo awali aliendesha lori, na dawa alizozikuta alizijua kwa rangi zake. Vya manjano, alimwambia Baba, ndivyo wake wa wazungu walikuwa wanakondea.

"Mama Salha," Baba alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake, kwa sauti ya chini, maana siku hizo hata kuta tuliziogopa, "huu mwili utatuponza."

"Na mabibi harusi wangu nitawalisha vipi?"

"Utawalisha ukiwa hai."

Mama alivichukua vidonge, akavigeuzageuza kiganjani. Najua alipima, kama mimi ninavyopima leo. Mimi napima magoti na gauni. Yeye alikuwa anapima mumewe, watoto wake, na gari la askari, lisilo na namba, linalosimama mlangoni. Alimeza. Nani angemlaumu?

Vilifanya kazi, tena upesi. Mashavu yaliingia ndani. Bangili zilizokuwa zimekaza mkononi zikaanza kuteleza mpaka kwenye kiwiko. Usiku halali, mchana ana hasira, na akinyanyua kikombe chai inamwagika kwenye kisahani. Nililala kifuani kwake jioni moja, nikasikia moyo unadunda kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Nilimwogopa mama yangu. Niliogopa kwamba amekuja mtu mwingine ndani ya kanga zake.

Wiki hizo mwali alikuwa Zaituni, msichana wa Kasubi. Baba yake alikuwa ametoka kwenda kazini na hakuonekana tena, na ami zake wakaona bora ndoa isiahirishwe. Zaituni alikuja kwetu hasemi, hali. Mama alikaa naye mbele ya sahani, lakini vile vidonge vilikuwa vimeshamfunga koo yeye mwenyewe. Alichukua tonge, mkono ukatetemeka, tonge likaanguka. Zaituni alilitazama, naye akaushusha mkono wake. Nilichungulia mlangoni nikawaona wawili wale, pilau linapoa katikati yao, kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Nalongo, jirani yetu Mganda aliyezaa pacha, alikuwa hajui kuficha neno. Alikuja kuchukua bakuli lake, akalikuta limejaa kama alivyolileta.

"Bi Nuru, bambi, masikini, unakonda bule," alisema. "Na huyu mtoto anakonda na wewe. Sasa halusi itakuwa ya nani, ya mifupa?"

Mama alinyanyuka, akachukua ile karatasi ya gazeti chini ya godoro, akaenda nayo chooni uani. Baba alikuwa kwenye cherehani, alimwona akipita na alimwona akirudi mikono mitupu. Aliacha kukanyaga.

"Wakija," Mama alimwambia, "wanikute nilivyo."

Ilichukua siku kadhaa mkono kutulia. Kisha adhuhuri moja nikasikia sauti kutoka chumba cha nyuma: Mama anamsifia mtu mchuzi. Zaituni alikuwa anakula.

Wakaja.

Ilikuwa mchana, jua kali. Askari wanne walimsukuma Baba kando ya cherehani wakaingia. Walifungua makopo, wakapindua godoro, wakamwaga ndoo ya mkaa. Hawakupata kitu. Ulibaki mlango wa chumba cha nyuma, na mlangoni alikuwa amesimama Mama. Alikuwa ameujaza. Mwili ulikuwa bado haujarudi wote, lakini uliobaki ulitosha, na kanga alizozitanda zilifanya kazi iliyobaki. Zaituni alikuwa nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta, na nilijua, ingawa nilikuwa mdogo, kwamba askari wakimwona msichana mzuri kama yule wanaweza kuondoka naye.

"Wewe mama," mkubwa wao alisema, kijana mrefu mwenye bunduki begani. "Watu yote nakonda, wewe nanenepa. Unakula nini? Sukari iko huko ndani?"

"Ndani kuna mwali, mwanangu. Hatazamwi na mwanamume mpaka aolewe."

"Toka mlango."

"Sitoki."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ile ya kuniambia nikaoge. Baba alikuwa sakafuni, anasoma dua midomo ikitikisika.

Hapo ndipo Nalongo alipoingia na bakuli lake kichwani. Ilikuwa saa ya chakula cha mwali na zamu yake, hakujua kilichokuwa kinaendelea. Aliwaona, akataka kurudi, akakuta mlango wa mbele una askari. Nyuma yake alikuwa Mama Faridi, jirani mwingine aliyekuwa zamu naye, mwenye chapati. Wote wawili wakasimama pale na mabakuli yao kama wanafunzi waliochelewa.

"Na nyinyi?" askari aliuliza.

Nalongo alilitua bakuli. "Ssebo, bwana, mimi nareta chakula ya bibi halusi. Huyu mama hana sukari. Sisi ndiyo tunamlisha. Kazi yake ni kula na bibi halusi, sahani moja."

Askari alifunua kawa kwa mdomo wa bunduki. Matoke, mchuzi wa karanga, mvuke ukapanda. Alimgeukia Mama.

"Kula basi. Tuone."

Mama aliiomba sahani yake, nikamletea mimi. Nalongo akapakua. Mama akaishika kwa mkono wa kushoto, bado amesimama pale pale mlangoni, akamega tonge, akachovya, akala. Mkono haukutetemeka. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, sijaona tena ushujaa kama ule.

Na kabla hajameza, mkono mwingine ukatokea chini ya kwapa lake. Mwembamba, umejaa hina hadi kwenye kifundo. Ukamega tonge kwenye sahani ile ile, ukarudi ndani.

Zaituni hakuambiwa na mtu. Alikuwa amezoea tu: somo akitangulia, unafuata.

Askari aliutazama mkono ule kwa muda. Sijui aliona nini. Labda naye alikuwa na dada nyumbani aliyewahi kuwekwa ndani. Alirudisha kawa juu ya bakuli, akalisawazisha vizuri, akawaambia wenzake, "Twende." Walichukua redio ya Baba. Hatukuilalamikia hata siku moja.

Zaituni aliolewa Ijumaa iliyofuata. Kwenye maziko ya Mama, miaka mingi baadaye, alinishika mabega, naye keshakuwa bibi mnene, akaniambia neno moja tu: "Alinilisha."

Sisemi unene ni afya. Daktari ana haki yake, na magoti yangu ni mashahidi wake. Nimekubali: kuanzia Jumatatu nitatembea, polepole, hata kama ni mpaka kona na kurudi. Kopo hili nitakwenda nalo kwa daktari nimuulize, na la Shamim pia, akinikubalia. Gauni fundi atalipanua. Kazi yake.

Kinachoniuma ni mtoto. Siku hizi hawawekwi ndani. Shamim anafanya kazi ofisini, chakula cha mchana anakula na simu, anakula peke yake, na sasa hali kabisa. Katika harusi yote hii tuna mpambaji, mpiga picha, mtu wa maua. Somo hatuna. Na mimi, mtoto wa Bi Nuru, nilikuwa nimekaa hapa nafikiria kumeza naye.

Nimeitoa sahani kabatini. Ukingo wa buluu umebanduka sehemu, katikati kuna kutu kidogo. Nimeisugua. Kesho mchana Shamim anakuja kunionyesha viatu. Nitapika matoke na mchuzi wa karanga, nitaweka sahani moja katikati, na simu yake nitaiomba niiweke juu ya kabati.

Tonge la kwanza nitatangulia mimi. Je, atafuata?