Salamu ya Asubuhi Sokoni Bukoto

Mjukuu wangu Atieno,

Hapa Makindye hatujambo, ila babu yako bado anagombana na kuku wa jirani. Tumefurahi kwamba umepewa fedha za utafiti wako wa kwanza kuhusu afya ya akili. Unauliza utafanyaje ili kina mama wa mtaani wakufungulie moyo.

Miaka michache baada ya vita nilikuwa nauza vitambaa sokoni Bukoto. Akaja daktari kijana, msichana kama wewe, akauliza nani kati yetu ana ugonjwa wa akili. Nani angejibu? Tulimpa chai tu. Akawa anarudi kila asubuhi na kutusalimu kwa Kiganda, "Wasuze otya?", yaani umelalaje, nasi tunajibu "bulungi", salama.

Siku moja Mama Zawadi, jirani yangu Mkongo, alijibu hivyo, lakini daktari hakuondoka. Alikaa. Mama Zawadi akacheka, kisha akasema, "Naongopa, binti. Tangu nivuke mpaka silali."

"Hata mimi," akasema muuza ndizi.

Tangu hapo maswali ya utafiti tuliyatunga pamoja, na salamu ile ikawa swali la kwanza. Daktari yule alipotufungulia kliniki, Mama Zawadi ndiye aliyetupeleka.

Basi njoo, mama, uanze na mimi. Niulize nimelalaje, halafu ukae.

Nyanya yako