Maboksi Mawili ya Posa

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko Dodoma shuleni? Huku Kasokola mahindi yamekubali, na babu yako naye amekubali kuvaa miwani.

Unauliza, miaka ya tisini nani alimzidi mwenzake kwa biashara ya karatasi na maboksi, Kenya au sisi? Takwimu sina. Nilikuwa na wachumba wawili.

Wa kwanza alileta zawadi za posa kwenye boksi la Kenya, gumu kama ubao. Babu yako alikuja na boksi la hapa nchini, akanyeshewa njiani. Kufika uani, kitako kikaachia. Vitunguu vikabiringika hadi miguuni kwa mama, na kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe! Basi akageuka, akawa anaviokota kinyumenyume kama lori linaloegeshwa. "Samahani mama, sikuoni mama!"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu hata akiaibika ana adabu."

Zawadi za yule wa kwanza tulirudisha, ila boksi mama aligoma. Kuku walitagia humo miaka mingi.

Kwa hiyo andika kwamba Kenya ilishinda. La kwetu lilikufa siku ile ile. Aliyelibeba yuko hapa, anatafuta miwani, na ameivaa.

Bibi yako anayekuombea ufaulu