Siku Niliyobaki na Kinda la Kasuku

Jumanne, mwanzo wa mwezi wa saba. Baridi na vumbi tangu asubuhi. Nimechoka mpaka mifupa.

Umeme ulikatika kabla ya alfajiri. Nilipofika kwenye kituo tunakotunza ndege waliokamatwa mikononi mwa wafanyabiashara wa magendo, sanduku la kuwapasha makinda joto lilikuwa limepoa. Tunao makinda watatu wa kasuku wa kijivu, ndege wanaozidi kwisha misituni. Wawili walikuwa wamebanana, wanalilia uji. Yule mdogo hakulia.

Kinda aliyepoa halishwi. Uji humgandia shingoni. Kwanza joto. Na mkaa hauingizwi ndani, moshi wake huua ndege upesi. Nikachemsha maji nje kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, nikajaza chupa, nikazifunga kitenge, nikamlaza katikati. Zikipoa, nabadilisha.

Leo ilikuwa pia proclamation, siku ya kutangaziwa matokeo, ya binti yangu Grâce, anayemaliza shule ya msingi. Nilimwahidi kwamba nitakuwepo. Lakini mwenzangu wa zamu yuko Kasenga msibani, na daktari wetu alinijibu kwa simu: "Mama Grâce, ukimuacha sasa, atakufa."

Nikabaki. Mama yangu akaenda mahali pangu.

Mchana kinda alifungua macho, akanywa matone machache kwenye kijiko. Nikacheka peke yangu. Muda si mrefu akalaza kichwa kiganjani mwangu, akafa.

Sikulia. Wale wawili walikuwa na njaa, nikakoroga uji.

Nimefika nyumbani, hapa kwenye mtaa wetu uitwao Kenya, jua likizama. Grâce alikuwa uani, amejaa poda nyeupe kichwani na shingoni kama wote waliofaulu.

"Ile ndeke ilipona?"

"Hapana. Ilikufa."

Akajipangusa shingo.

"Basi ungekuya tu, mama."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana imeniuma.

Asubuhi sikujua kwamba kinda atakufa. Hata ningejua, sidhani kama mikono yangu ingekubali kumwacha kwenye baridi. Lakini mama ameniambia Grâce alitazama mlangoni mpaka jina lake likaitwa.

Kesho wale wawili watanichosha vilevile, nami nitaenda kituoni.

Jioni hii nimemwomba Grâce anisimulie yote, tangu walivyopangwa mstari. Amekubali, ila amesema nisisinzie. Ameenda kuoga atoe poda. Naandika nikimsubiri, macho yanajifumba.

Namsikia anakuja.