Mkate wa Zumbulia, Asante ya Kaliroi

Mpendwa Bi Aspasia, msaada ninaouomba kwako kupitia gazeti lako sijathubutu kumwomba padri wala mume wangu, lakini nikinyamaza zaidi nitapasuka, kwa hiyo nivumilie, mimi si mwandishi, mimi ni mshona mapazia hapa Edessa, nina miaka thelathini na sita, mwaka wa kumi huu nimeolewa na Argiris na tunakaa nyumba moja na mama yake, Mama Polixeni.

Kwanza uelewe kwamba huyu mama mkwe sina la kumlalamikia. Mimi nililelewa na shangazi, naye alikufa mwaka mmoja kabla sijaolewa, nikaja kwa Mama Polixeni sina mtu nyuma yangu na sijui hata kuchemsha kahawa bila kuimwaga, na kila nikijualo jikoni nimelipata kwake, kwa makelele, ni kweli, lakini kwake. "Shika donge kama shingo ya mtoto, si kama shingo ya kuku!" ndivyo alivyokuwa akinifundisha kusuka mkate wa Pasaka, ananipiga kibao cha mgongo wa mkono, halafu jioni ananipaka mafuta kwenye mikono hiyohiyo kwa sababu imechoka. Nampenda, Bi Aspasia. Nakwambia hivi ili usije ukadhani naleta yale mambo ya kila siku ya wakwe.

Baba mkwe, mzee Stergios, alitutoka wiki ya kwanza ya Kwaresima, na tangu tulipomzika Mama hakukaa mezani tena, kahawa chungu na kipande cha mkate mkavu wa shayiri, tena amesimama dirishani, basi, akawa anapungua ndani ya nguo nyeusi mpaka Argiris akawa ananiangalia mimi kama vile nimeficha dawa. Na kwa kuwa nyumba ina msiba, Alhamisi Kuu hatukupaka mayai rangi wala hatukukanda, tanuri likakaa baridi, ile harufu ya mahlepi na mastika, viungo vya mkate wa Pasaka, ikawa inatujia kutoka nyumba za wenzetu tu, na watu wakatuletea kama inavyotakiwa kwa wafiwa, mpaka Jumamosi mchana nikawa na mikate saba mezani, imesukwa vizuri, inang'aa, kila mmoja na yai lake jekundu.

Wa saba aliuleta Zumbulia. Huyu ni jirani yetu wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, mjane, na Mama hajamsalimia miaka tisa, akimwona anapita anafunga dirisha kwa kishindo ili asikike. Sababu nitaisema, nipe nafasi. Alikuja kwa mlango wa nyuma, penye kamba za nguo, mkate ameufunga kwa taulo, bado wa moto, akaniambia, "Pokea. Usimwambie umetoka kwangu. Akijua hatautia mdomoni, na mimi nataka ale." Nikaahidi. Nilitaka kumbusu mkono akauchomoa, akasema "Acha ujinga, nina sufuria jikoni," akaondoka.

Jumapili ya Pasaka tukakaa, Argiris akamenya yai, na Mama akiwa amesimama kama kawaida akanyoosha mkono akachukua mkate wa Zumbulia, sijui kwa nini huo katika yote saba, akaumega, na ukavutika nyuzi nyuzi, zile nyuzi ndefu ambazo yeye mwenyewe huzitafuta kila mwaka, akala kipande, kisha Bi Aspasia akavuta kiti akaketi. Akala cha pili. Akala cha tatu na yai zima. Argiris akageuka ukutani ili asionekane analia. Mama akauliza, "Nani kakanda huu?" Na mimi, kwa hofu, nikataja jina la kwanza lililonijia, nikasema, "Kaliroi."

Kaliroi ni binamu yake Mama. Mama akanitazama. "Kaliroi? Huyu Kaliroi wetu? Miaka arobaini Kaliroi anaoka mbao, leo ameoka mkate?" Nikasema ndiyo Mama, labda amejifunza. Mkate wa kweli wa Kaliroi ulikuwa palepale pembeni, mgumu kama ilivyo kawaida yake, nikautia kwenye mfuko haraka na kesho yake wakaula kuku wa padri.

Ningedhani yameisha, lakini Mama akampigia simu Kaliroi papo hapo, akalia kwenye simu, akamwambia, "Umenirudisha mezani, binamu yangu, Mungu akupe maisha marefu, nilikuwa nimeshakata tamaa ya kula." Na Kaliroi, ambaye alijua fika mkate wake ukoje, unajua alijibu nini? Alisema, "Siku hizi nabadilisha mahlepi, dada." Akapokea asante yote kama ilivyo! Tangu hapo kila anayekuja kutoa pole anasimuliwa mkate wa Kaliroi, na sasa wamepanga kwamba siku ya Kupaa Kaliroi atanipokea jikoni kwake anifundishe mkono wake mpya, na Mama atakuja kukaa kitini aangalie, na kila nikikutana na Kaliroi sokoni ananitazama kwa pembe ya jicho kwa maana yeye anajua kwamba mimi najua.

Sasa naja kwenye ile sababu. Pasaka yangu ya kwanza katika nyumba hii, nikiwa bibi harusi wa miezi minne, Mama alinipa kazi moja tu, kupasha maziwa ya kuyeyushia hamira. Yawe vuguvugu, alisema, weka kidole, kisiungue. Mimi nikaenda kujibu simu, niliporudi yalikuwa yanatoa mvuke, nikaogopa kumwambia, nikamimina hivyohivyo. Wakati donge limefunikwa blanketi akaingia Zumbulia kuazima ungo, akainua blanketi, akasema, "Lo, donge zuri hili!" na hakutema mate mara tatu, kama tufanyavyo tukisifu kitu ili jicho baya lisikipate. Donge halikuumuka. Tulisubiri mpaka jioni, lilikaa chini ya bakuli kama jiwe. Na Mama akatoka barabarani, mbele ya wanawake wote waliokuwa wanatoka kanisani, akamwambia Zumbulia kwamba jicho lake limeua mkate wa nyumba yetu na asikanyage tena. Nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya Mama na nikanyamaza. Nimenyamaza miaka tisa.

Na kuna jambo nililiruka hapo juu. Siku ile kwenye mlango wa nyuma, kabla hajaondoka, Zumbulia aliniambia, "Maziwa yalikuwa ya moto mwaka ule, mwanangu. Niliuona mvuke." Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema, "Mimi nilikuwa na nyumba yangu ya kurudi. Wewe ungerudi wapi?"

Bi Aspasia, nifanye nini? Nikisema, namvunjia Zumbulia ahadi, na Mama, aliyemzika mume juzi, atajua kwamba binti aliyemfundisha kila kitu amemwacha amchukie mtu bure miaka yote hii, na sijui kama ataniita tena mwanangu. Nikinyamaza, mtu aliyenifanyia wema mkubwa kuliko wote ataendelea kufungiwa dirisha na Kaliroi ataendelea kushukuriwa. Nina deni la shukrani kwa wanawake wawili na sioni njia ya kumshukuru mmoja bila kumuumiza mwingine. Majina yaache kama yalivyo. Nimechoka kuficha.

Evanthia, Edessa

*

Evanthia,

Barua yako ina kurasa nne na maziwa umeyaweka ukurasa wa nne. Kabla hujafika hapo umenipa shingo ya kuku, kuku wa padri, na mahlepi ya Kaliroi. Nilicheka, sikatai. Halafu nikafika kwenye mvuke, nikaivua miwani.

Pole kwa msiba. Na pole kwa miaka tisa, maana mtu aliyenyamaza kwa hofu naye hapati usingizi. Lakini nisikufiche, nimekukasirikia. Ulikuwa na miezi minne katika nyumba ile, sawa, hukuwa na kwenu, sawa, mwaka wa kwanza nakusamehe. Wa pili nakusamehe nusu. Huo wa tatu mpaka wa tisa ulikuwa unangoja nini? Kila lile dirisha lilipopigwa ulikuwa jikoni, unasikia, na ulijua linapigwa kwa ajili ya maziwa yako.

Unaniambia uliahidi. Hebu tuitazame hiyo ahadi. Zumbulia alisema usimwambie, kwa sababu akijua hatakula. Amekula. Vipande vitatu na yai. Ahadi imemaliza kazi yake, asikudanganye mtu kwamba bado inakufunga. Wewe unajificha nyuma ya sketi ya Zumbulia kama ulivyojificha nyuma ya Mama Polixeni siku ile barabarani, na wewe sasa ni mwanamke wa miaka thelathini na sita.

Kaliroi mwache. Ameonja sifa kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini, zitamtoka zenyewe. Kwenda jikoni kwake siku ya Kupaa hutakwenda. Mkifika huko mtakanda mbao, Mama Polixeni atajua mwenyewe kwa kuvuta kipande kimoja tu, na utakuwa umemwaibisha huyo mama mbele ya binamu yake. Hilo likitokea sitakuonea huruma.

Fanya hivi. Majina nimeyaacha kama ulivyotaka, na gazeti hili linafika Edessa Jumamosi asubuhi. Kufika saa nne mtaa mzima utakuwa umesoma, na wa kwanza kupiga simu atakuwa Kaliroi. Kwa hiyo huna wiki, una asubuhi moja. Argiris mtume akanunue chochote, hii si kazi ya kumsukumia mume. Mpikie Mama kahawa yake chungu, keti mbele yake na si pembeni, na anza na maziwa. Usianze na mkate. Ukianza na mkate atashangaa mkate, atamcheka Kaliroi, wewe utapumua na maziwa utayaacha tena kwa miaka mingine tisa. Sema hivi: "Mama, mwaka ule donge nililiua mimi." Kisha nyamaza, umwache aseme. Atasema mengi. Pengine atapiga meza, pengine hataongea mpaka mchana. Usijitetee kwa simu iliyolia wala kwa umri wako.

Ndipo umwambie nani alikanda ule mkate.

Usimwambie avuke barabara. Amefiwa, mwaka huu hatembelei watu ila ndugu zake, na mtaa wenu haungeshindwa kulisemea hilo. Wewe ndiye utavuka. Utapiga hodi mlango wa mbele wa Zumbulia, mchana, wanawake wakiona, na utasema kwa sauti ya kusikika kile ambacho hukukisema siku ile walipokuwa wanatoka kanisani. Akiuchomoa mkono usiubusu. Mwambie tu anaitwa kwenu kunywa kahawa.

Unaogopa Mama yako hatakuita tena mwanangu. Mimi simjui, lakini najua mtu anayepiga mikono kibao mchana na kuipaka mafuta jioni. Na kama ulimi utakataa kabisa, chukua ukurasa huu umsomee, neno kwa neno, na ukifika hapa chini mpe ausome mwenyewe, kwa sababu mistari iliyobaki si yako.

Mama Polixeni, salamu kwako, na Mungu amrehemu mzee Stergios. Najua umekasirika na una haki. Nisikilize dakika moja tu. Mwanamke uliyemfukuza alijua siku ileile kwamba hana kosa. Angeweza kusema neno moja na wewe ungegeuka ukamwona msichana asiye na mtu, aliyechoma maziwa, mwenye miezi minne nyumbani kwako, na kwa hasira uliyokuwa nayo sijui ungemfanya nini. Zumbulia naye hakujua. Kwa hiyo akaichukua lawama akaenda nayo kwake, na wewe ukabaki na binti. Ukamfundisha kusuka. Ukampaka mafuta mikononi. Alikuwa kando yako wakati unamzika mume wako. Yote hayo uliyapata kwa sababu jirani yako alinyamaza, na hukuwahi kumshukuru kwa kuwa hukujua kuna cha kushukuru.

Sasa umejua. Huyo binti ameketi mbele yako, amesema yote. Mpe maji anywe, umwite mwanangu, kisha umtume ng'ambo akamlete.

Bi Aspasia