Chuo cha Mbali

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta goti limetulia na mwanao ameacha kubishana na redio. Nisalimie mkewe na hao wajukuu, hasa yule mdogo anayejificha chini ya meza nikija. Mimi ni mzima. Presha inapanda na kushuka inavyotaka, lakini kazini nakwenda, na mkasi bado unanitii. Ningepiga simu, ila kwa simu ungenikatiza kabla sijafika nusu, na jambo hili nataka nilimalize.

Ni habari za binti yetu, Kasuku. Tangu wifi yako atutangulie, nyumba hii ilibaki ya watu wawili, na maneno yote ya humu ndani alikuwa akiyasema yeye. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia tu.

Alipomaliza shule, vyuo viwili vilimkubali. Kimoja ni cha uhasibu, hapa hapa mjini. Nikisimama mlangoni kwangu na wembe mkononi naliona paa lake. Cha pili ni cha mifugo, na ni mbali: kutwa nzima ndani ya basi, kisha unapanda gari jingine. Wateja wangu unawajua, kila anayekalia kiti ana ushauri. Mwalimu mmoja mstaafu alisema mtoto wa kike na ng'ombe wapi na wapi. Mwingine akasema uhasibu una kiyoyozi. Nikawaambia tutakwenda kuviona vyote viwili, kisha mwenyewe ataamua.

Tulianza na cha hapa. Majengo mazuri, sakafu inang'aa mpaka unaona haya kuikanyaga. Kijana mwenye tai akatutembeza kila mahali, mwishoni akauliza kama tuna swali. Kasuku akasema hana. Dada, Kasuku hana swali! Tulirudi kwa miguu, nami nikajiambia ni jua tu limemchosha.

Wiki iliyofuata tukaenda cha mbali. Tulifika na vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyetupokea. Mwalimu, mama mmoja mnene mwenye mabuti ya mpira, alikuwa zizini akihangaika na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Akamwona binti yetu ameegemea uzio, akamwambia kama amekuja kutazama aende sinema, kama sivyo aje ashike kamba. Kasuku akaruka uzio. Mimi nikakalia ndoo iliyopinduliwa, nikawasikiliza. Aliuliza ndama amegeukaje, kwa nini wanangoja ng'ombe asukume ndipo wavute, na watafanya nini kamba ikiteleza. Mwalimu alimjibu yote huku jasho linamchuruzika. Ndama alipotoka hakupumua. Wakamsugua kwa majani makavu, wakamsugua, mpaka akapiga chafya. Hapo Kasuku akageuka kunitafuta, damu mpaka viwikoni, gauni lake zuri halifai tena, na uso ule, Dada, sikuwa nimeuona tangu mama yake akiwa hai. Njiani alisimulia mpaka dereva akaongeza sauti ya muziki.

Kwa hiyo nilijua. Lakini ilipofika siku ya kuvijibu vyuo, aliniletea chai, akaniambia amechagua uhasibu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ni karibu tu, Baba." Sitakuficha, kwanza nilifurahi. Nilikunywa chai yote na furaha yangu. Kisha nikamuuliza, na yule ndama je? Akaanza kukunja kitambaa cha meza, anakikunja, anakikunjua. Akasema, "Nani atakukumbusha dawa? Utakula na nani?"

Sasa keti, kama hujaketi. Nilimwambia wewe unakuja kukaa nami.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema mwanao ameshakubali, tulipanga zamani, na nilimficha ili imshtukize. Alitaka kukupigia pale pale. Nikamwambia simu yako imeingia maji. Akanikumbatia, akalia, akacheka, na siku hiyo hiyo akakijibu chuo cha mbali. Kabla ya kuondoka alikufanyia usafi chumba chake, akakutandikia kitanda, akaacha nafasi ya nguo zako kabatini.

Ana mwezi sasa huko. Hupiga simu jioni, anasimulia mpaka salio linakata, na kila mara anakuulizia. Nimesema unaoga. Nimesema umetoka kidogo. Kwa maelezo yangu wewe ni mtu msafi sana na hukai nyumbani. Juzi hakuuliza tena uko wapi, akasema basi nikusalimie. Ndiyo hizo salamu, nazileta.

Kazini sina neno, kwenye kiti changu napata watu wa kuzungumza nao. Lakini nikirudi nyumbani nasikia jokofu likinguruma. Siku hizi nikitoka asubuhi naiacha taa ya sebuleni inawaka, nisije nikarudi kwenye giza. Dawa nakunywa. Huwa naitikia kwa sauti, "Haya, nakunywa," kisha ndipo nakumbuka hakuna aliyesema kitu.

Akikupigia, nakusihi usimwambie ukweli kwa sasa. Muhula ukiisha atakuja, nami nitamwambia uso kwa uso, anikasirikie apendavyo. Ila sasa hivi ameniambia wanaanza kuzalisha mbuzi, na amepewa wawili wa kuwaangalia.

Sikuandikii ili uje. Najua una wajukuu, na goti, na mji wako unaouzoea. Nakueleza tu kwamba basi la asubuhi kutoka huko siku hizi halipitii mbali, linafika hapa saa sita mchana, na saa sita mchana mimi huwa sina wateja.

Nawasalimu wote, mmoja mmoja. Ubaki na afya.

Ni mimi mdogo wako,
Kinyozi