Naogopa Watanikatia Dripu

Bi Flora wa gazetini, nisaidie, maana jambo hili siwezi kumuuliza mtu anayenijua.

Mimi ni Murdena, miaka sitini na saba, wa hapa hapa mjini Glace Bay, nimekata minofu ya samaki kiwandani miaka thelathini na moja bila kuomba ruhusa ya ugonjwa hata siku moja, na mwaka jana wakaniambia nina saratani ya mapafu iliyokwisha kufika kwenye ini, nikapigwa kemo, zile dawa kali za saratani, mizunguko minne, nywele zikaenda, uvimbe ukatulia kidogo kisha ukaanza kukua tena, ndipo daktari akanianzishia dripu nyingine, ya kuamsha kinga ya mwili ipigane yenyewe, kila baada ya wiki tatu, na Bi Flora, baada ya dripu ya nne picha zikaonyesha uvimbe umepungua karibu nusu, Jumapili nikaingia kanisani bila mkongojo na watu wakasimama, sijawahi kujivunia mwili wangu namna ile.

Sasa siku tano naharisha, mara saba, mara nane kwa siku, tumbo linakata, nameza vidonge vya dukani na kufungulia bomba ili mume wangu Hector asisikie, lakini jana akanivizia mlangoni.

“Murdena, nampigia yule nesi wa hospitali.”

“Piga uone! Utajipikia mpaka kiama.”

“Bora nijipikie kuliko nikuzike, bibi wewe.”

Nimemwapisha anyamaze, kwa sababu Alhamisi ni siku ya dripu na wakijua hospitalini hawatanipa. Kwenye kemo nilitapika kimya kimya, ikapita. Nikikaza meno hadi Alhamisi, nakosea?

Murdena

Mama Murdena, unakosea, tena vibaya. Barua yako niliifungua Jumanne asubuhi, sikuthubutu kungoja gazeti la Jumamosi. Nikapiga nambari uliyoandika chini, ukanifokea, nami nikakufokea. Hii si kemo. Kinga iliyoamshwa ikizidi hugeuka na kuushambulia utumbo wako mwenyewe, na vidonge vya dukani haviizuii. Wahenga walisema mficha uchi hazai; wewe umeshazaa watano, unaficha nini tena?

Ulikata simu. Nikadhani nimeshindwa, kumbe ulikuwa unampigia nesi. Jioni ile ile ukalazwa, ukapewa dawa ya kutuliza kinga, na jana umeniambia tumbo limetulia. Dripu ya Alhamisi hukupata, kweli, na daktari hajasema kama itarudi. Pole, mama. Najua inavyouma. Lakini amekuambia pia kwamba kinga iliyokwisha kuamka huweza kuendelea na kazi hata dripu ikisimama, na picha mpya zitapigwa mwezi ujao.

Meza dawa kama ulivyoandikiwa, usiiache ghafla eti umepona. Ukiharisha, ukikohoa upya, ukiishiwa pumzi, ukitoka vipele, piga simu siku hiyo hiyo. Na Hector umfungue kiapo chake leo.

Nilikuuliza kama nifiche jina lako gazetini. Ukacheka mpaka ukakohoa. “Liandike lote,” ukasema, “na wa kiwandani wasome. Wako wengi kule wanaonyamaza.”

Nimeliandika.