Hatoki Mtu

Mwangaluka, mjukuu wangu Limi. Huku tu wazima, pamba imeanza kupasuka.

Unauliza kama sinema yako imenitisha. Yule mnyama wenu wa magunia alinichekesha tu. Nilipokuwa msichana, fisi aliingia zizini kwetu, mama akapiga mwano, ule ukelele wa kuomba msaada. Hata hajafunga mdomo, uwanja umejaa mikuki, na jirani tuliyenuniana naye ndiye aliyetangulia.

Binti wa sinema yako anapiga mwano mpaka sauti inamkauka, hatoki mtu. Nilidhani mliwaomba majirani wasitoke. Nimewauliza, kumbe hamkumwambia yeyote!

Limi, mlirekodi hapahapa Kimali, nilipokuwa Bariadi kwa mjomba wako. Walisikia wote. Fisi akija kwangu, nimwite nani?

Bibi yako